Shajara ya Kutafuta Kumbukumbu za Mishahara ya Mama: Kisumu, 2025

13 Januari 2025: Pengo kwenye taarifa ya NSSF

Mama alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Kisumu kuanzia Machi 2006 hadi Agosti 2018, katika laini ya kukata minofu ya mbuta. Mwaka huu anatimiza miaka 60, umri ambao mwanachama wa NSSF, yaani hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, hulipwa mafao yake ya uzeeni, na kabla ya kujaza fomu za madai tuliomba taarifa ya michango yake ili tujue kilichomo. Tulipozisoma kurasa zile tulikuta pengo: kuanzia Machi 2011 hadi Juni 2013 hakuna mchango hata mmoja, ilhali Mama hakuwahi kuacha kazi katika kipindi hicho. Miezi hiyo ni 28. Kwa viwango vya wakati ule mfanyakazi wa ngazi yake alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200, kwa hiyo kinachokosekana ni shilingi 11,200 kabla ya kuhesabu riba ya miaka yote iliyofuata. Kwa mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye maji ya barafu, kavaa gambuti na aproni, kisu mkononi, kwa zaidi ya miaka 12, fedha hizo si ndogo. Na hata zingekuwa ndogo, ni zake.

Karani wa NSSF alitueleza kwa upole kwamba bila ushahidi kuwa fedha zilikatwa, na bila kujua mwajiri aliziwasilisha kwa orodha gani na risiti gani, hakuna wanachoweza kusahihisha. Ushahidi huo uko kwa mwajiri wa zamani. Naandika shajara hii kwa sababu wanawake wengi wa Obunga na mitaa ya jirani walipitia viwanda hivyo, na wengi wao wanakaribia umri wa Mama.

Gharama: kuchapisha taarifa, shilingi 60. Taarifa yenyewe hailipiwi.

20 Januari 2025: Kilichobaki nyumbani

Kabla ya kumwandikia mwajiri tulikusanya kila karatasi iliyosalia. Mama alikuwa ameweka hati zake za mshahara ndani ya bahasha ya kaki chini ya sanduku, lakini nyingi ziliharibika nyumba ilipovuja. Za kipindi cha pengo zimebaki chache, na iliyo nzuri kuliko zote ni ya Mei 2012. Ni karatasi nyembamba yenye matundu pembeni, na wino wake umefifia hadi rangi ya chai ya maziwa. Inaonyesha mshahara wa shilingi 11,400, NSSF 200, NHIF (bima ya afya ya taifa ya wakati ule) 240, kodi shilingi 10, ada ya chama cha wafanyakazi na akiba ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) 500.

Makato hayo yana manufaa kuliko yanavyoonekana. NSSF 200 haikuambii mshahara ulikuwa kiasi gani, kwa kuwa mchango ulikuwa asilimia 5 na ukomo wake ulikuwa 200, hivyo kila aliyepata shilingi 4,000 au zaidi alikatwa sawa. NHIF ndiyo husema, kwa sababu hadi Machi 2015 ilikatwa kwa ngazi za shilingi elfu moja moja: aliyepata kati ya 11,000 na 11,999 alikatwa 240, na aliyepata kati ya 10,000 na 10,999 alikatwa 220. Katika hati mbili ambazo tarakimu za mshahara zimefutika kabisa, kato la NHIF bado linasomeka, na kwa hilo tunajua mshahara wa mwezi huo ulikuwa kwenye ngazi gani.

Jambo la pili tuliloliona ni kwamba kila kato lilielekea ofisi nyingine. NSSF, KRA (mamlaka ya kodi), SACCO na chama cha wafanyakazi wote walipokea orodha kutoka kwa mwajiri yule yule mwezi ule ule. Kumbukumbu za mishahara zikipotea kiwandani, huenda nyayo zake zikapatikana kwao. Tumeandika orodha ya ofisi hizo, na tumeandika nambari ya kazi ya Mama iliyo juu ya kila hati, kwa kuwa huenda nambari hiyo ikawa ufunguo wa masjala ya kiwanda.

Gharama: kutoa nakala, shilingi 120. Hati zenyewe hatumwachii mtu yeyote. Tunaacha nakala tu.

10 Februari 2025: Barua ya kwanza haikujibiwa

Barua ya kwanza ilikuwa ya heshima na ya jumla. Iliomba "kumbukumbu zote za malipo" za Mama tangu aajiriwe hadi aondoke. Tuliifikisha getini, mlinzi akaipokea, akakataa kutia sahihi kwenye nakala yetu kwa maelezo kwamba hana ruhusa. Wiki zilipita bila neno, na tulipouliza tuliambiwa hakuna barua iliyofika.

Udhaifu ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, hatukuwa na uthibitisho wa kuifikisha. Barua ya pili imepelekwa kwa rejista ya posta, ikatumwa pia kwa baruapepe ya kampuni iliyoandikwa kwenye vibandiko vya bidhaa zao, na nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa na karani wa mapokezi, baada ya kumwomba mlinzi atupitishe hadi kwake badala ya kupokea mwenyewe. Pili, neno "zote" humpa karani sababu ya kuiweka barua kando, kwa maana hajui aanzie wapi. Sasa tumetaja vitu vinne tu: orodha za mishahara za idara ya minofu kuanzia Machi 2011 hadi Juni 2013, mstari wa Mama peke yake; orodha za michango ya NSSF zilizopelekwa miezi hiyo; risiti za malipo hayo; na cheti cha utumishi. Hicho cha mwisho Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi anayeondoka, isipokuwa aliyefanya kazi kwa chini ya wiki nne mfululizo. Mama hakuwahi kupewa.

Tuliambatisha nakala ya kitambulisho, nakala ya hati ya Mei 2012, na barua ya idhini ambayo Mama ametia sahihi kuniruhusu kufuatilia kwa niaba yake. Bila idhini hiyo kampuni ina haki ya kukataa kuzungumza nami, na ingekuwa vibaya isipokataa.

Gharama: kuchapa na kutoa nakala 180, posta ya rejista 220, tuktuk kwenda na kurudi 200.

14 Machi 2025: Jibu la miaka mitano

Jibu limekuja, na limeandikwa na mtu anayejua sheria. Linasema kwamba Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka, kwamba Mama aliondoka Agosti 2018, na kwamba miaka hiyo ilikwisha Agosti 2023. Kwa hiyo kampuni "haina wajibu zaidi". Hesabu yao ni sahihi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, kwa hiyo upande wa kodi haukutusaidia.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, kwa sababu watu wengi hukomea hapo. Barua inasema kwamba kampuni haina wajibu wa kutunza. Haisemi popote kwamba kumbukumbu zimeharibiwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kati yake ndipo haki ya Mama ilipo. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa kila mtu haki ya kuona data yake binafsi iliyo mikononi mwa anayeishikilia, na kanuni za jumla za mwaka 2021 zinataka ombi hilo lijibiwe ndani ya siku 7, tena bila malipo. Muda wa lazima wa kutunza ukipita, mwenye karatasi anaweza kuziharibu. Lakini maadamu bado anazo, mwenye data ana haki ya kuonyeshwa. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 nayo haiishii kwa serikali, kwani inamhusu hata mtu binafsi anayeshikilia habari ambazo raia anazihitaji ili kulinda haki yake.

Barua ya tatu imeomba jambo moja tu: kampuni ituonyeshe data ya Mama iliyonayo, au ithibitishe kwa maandishi kwamba iliharibiwa, na lini. Tumeeleza wazi kwamba hatukusudii kushtaki. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka mitatu mahakamani na ukomo huo umepita. Tunachotafuta ni kusahihisha akaunti ya NSSF. Naamini sentensi hiyo itatuliza hofu nyingi ndani ya ofisi ile.

Siku hiyo hiyo tulipita kwa afisa wa leba. Yeye ana uwezo kisheria wa kuingia mahali pa kazi na kudai kuonyeshwa kumbukumbu, na huduma yake hailipiwi. Alichukua nakala zetu na kuahidi kupiga simu. Nje ya ofisi kulikuwa na kijana aliyetaka shilingi 3,000 "kuharakisha faili ya mama". Nawaomba wenzangu msitoe hata shilingi kwa watu hao: hawana faili yoyote, na hakuna hatua katika safari hii inayodai malipo kama hayo.

Gharama: kuchapa 100, posta ya rejista 220, nauli 150.

28 Machi 2025: Masjalani

Siku 7 zilipita kidogo, kisha tukaitwa. Sijui kama ni barua au ni simu ya afisa wa leba iliyofungua mlango, lakini tulipokewa vizuri. Kumbukumbu za zamani zimo kwenye kontena nyuma ya ghala la chumvi, katika maboksi yaliyopangwa kwa idara na nambari ya kazi. Majina hayatumiki kabisa. Karani, kijana ambaye hakuwa ameajiriwa enzi za Mama, alimuuliza: "Mama, wewe ulikuwa wa kupakia au wa minofu?"

"Minofu, mwanangu. Laini ya pili."

Kwa nambari ya kazi na laini, boksi lilipatikana asubuhi ile ile. Kwa jina peke yake tungetafuta hadi jioni, kwa kuwa wanawake wenye jina la kwanza kama la Mama wamejaa katika orodha zile. Kulikuwa na orodha za mishahara za miezi yote 28, na kila mwezi Mama amekatwa 200. Kulikuwa pia na orodha za michango ya NSSF pamoja na risiti kuanzia Machi 2011 hadi Desemba 2012. Kuanzia Januari hadi Juni 2013 boksi lilikuwa na orodha za mishahara tu. Orodha za NSSF na risiti hazikuwemo.

Karani alianza kunisomea nambari ya uanachama iliyo kwenye orodha ya Machi 2011 ili niinakili. Mama akamkatiza: "Rudia, baba." Akarudia. "Hiyo si yangu." Anaijua nambari yake kwa moyo, kama wenzake wote waliowahi kupanga foleni kwa ajili ya kadi ile. Tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimebadilishana nafasi. Tulifungua Aprili, Mei, Juni, na kosa lilikuwa lile lile kila mwezi. Karani alikumbuka kusikia kwamba kampuni ilibadilisha programu ya mishahara mapema mwaka 2011, na majina yote yakaingizwa upya kwa mkono.

Tuliporudi nyumbani tukaitazama tena hati ya Mei 2012. Nambari yenye kosa ilikuwa pale pale, chini ya jina la Mama, na hati ya Februari 2011 ina nambari sahihi. Wiki zote hizo tulikuwa tukitazama safu ya fedha peke yake. Yeyote mwenye pengo kama hili na aanze na nambari: nambari ya NSSF iliyochapishwa kwenye hati ya mshahara hutoka kwenye mfumo wa mwajiri, na kwa kawaida ndiyo aliyoituma NSSF. Iwapo ina kosa, fedha zilifika lakini hazikumpata mwenyewe, maana jina na nambari havikuoana, zikawekwa pamoja na michango mingine isiyojulikana ni ya nani.

Gharama: nakala za masjalani hazikulipiwa, kama kanuni zinavyotaka. Nauli 150.

16 Aprili 2025: Marekebisho yakataliwa mara ya kwanza

Tulipeleka NSSF nakala za orodha na risiti za miezi 22, pamoja na barua fupi ya kampuni inayosema kwamba Mama alikuwa mfanyakazi wao na michango yake ilikatwa. Zilirudishwa. Afisa alieleza kwamba barua haimsaidii, kwa kuwa anachohitaji ni mwajiri kukiri kwamba nambari iliyoandikwa kwenye orodha ni ya mtu huyu na si ya mwingine. Bila hilo, mtu yeyote angeweza kudai michango isiyo na mwenyewe.

Hoja yake ni ya haki, na inalinda fedha za wengine. Barua mpya ya kampuni ina karatasi yenye nembo, muhuri, jina kamili la Mama kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari sahihi, nambari yenye kosa, na jedwali la mwezi, nambari ya risiti na kiasi. Jedwali tuliliandaa wenyewe, kampuni ikalihakiki na kutia sahihi; kazi ikifika mezani kwa karani ikiwa imekwisha kupangwa, haikai. Kwa kuwa hati za mshahara zina majina mawili ya Mama na kitambulisho kina matatu, tuliongeza hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya kamishna wa viapo.

Gharama: hati ya kiapo 500, kuchapa na kutoa nakala 240, nauli 350.

21 Mei 2025: Miezi 22 imeingia

Taarifa mpya inaonyesha michango ya Machi 2011 hadi Desemba 2012, shilingi 8,800. Tumeomba maelezo ya maandishi kuhusu riba ya miaka ile, na tunayasubiri. Cheti cha utumishi pia kimetoka. Kina tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, na kazi aliyoifanya. Mama alikisoma chote kwa sauti, kisha akauliza kwa nini hawakuandika kwamba alifundisha wasichana wapya kutumia kisu. Sheria haidai hilo liandikwe. Naliandika hapa.

Tuliwaeleza wanawake waliofanya kazi naye, na mmoja amekuta pengo lake lina chanzo tofauti: aliajiriwa kwa jina la kwao na baadaye kitambulisho kikabadilika baada ya ndoa, lakini orodha za kampuni hazikubadilishwa. Kwake hati ya kiapo na cheti cha ndoa vitahitajika kabla ya jambo lolote lingine.

18 Juni 2025: Miezi sita ya 2013

Hii ndiyo sehemu ngumu. Kampuni ilitafuta tena na haikupata risiti wala orodha za Januari hadi Juni 2013, na NSSF haina mchango wa Mama katika miezi hiyo kwa nambari yoyote kati ya zile mbili. Fedha hizo, shilingi 2,400, huenda zilikatwa na hazikupelekwa.

Tumezunguka kwa wale wengine waliopokea makato. KRA haikuwa na la kutusaidia, kwa kuwa iTax, mfumo wake wa kodi wa mtandaoni, ulianza kutumika baada ya miezi hiyo. Benki, ambayo mshahara ulianza kupitia mwaka 2012, ilijibu kwamba hutunza kumbukumbu kwa miaka saba kama sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inavyoitaka, na kwamba akaunti ya Mama ya wakati ule iliwekwa kwenye mfumo uliokwisha kuondolewa. Ada ya kutafuta tulilipa hata hivyo, na nashauri mtu aulize kwanza wanatunza hadi mwaka gani kabla ya kulipa. SACCO ndiyo iliyotufaa. Leja yao ina shilingi 500 za kila mwezi kuanzia Januari hadi Juni 2013, zikiwa zimeletwa na mwajiri kwa orodha yenye nambari ya kazi ya Mama. Hiyo haithibitishi mchango wa NSSF, lakini inathibitisha kwamba alikuwa kwenye orodha ya mishahara kila mwezi, na ikisimama pamoja na orodha za mishahara zinazoonyesha kato la 200, hakuna nafasi ya kusema kwamba hakuwa kazini.

Vyote hivyo vimekabidhiwa kwa mkaguzi wa NSSF anayeshughulikia waajiri, kwa sababu kudai michango ambayo haikuwasilishwa ni kazi ya NSSF yenyewe na wala si ya mwanachama. Amefungua jalada, ametupa nambari yake, na amesema ataiandikia kampuni. Katika jalada kuna orodha sita za mishahara, nakala ya leja ya SACCO yenye muhuri, cheti cha utumishi, na barua ya kampuni ya mwezi Machi. Kuna pia orodha ya wafanyakazi wengine wa laini ya pili waliokubali kwa maandishi majina yao yatajwe, kwa maana kama michango ya miezi hiyo haikupelekwa kwa Mama, yaelekea haikupelekwa kwa wenzake pia.

Gharama: benki 600, nakala za SACCO 100, nauli 300.

Mama ameamua kutowasilisha madai ya mafao hadi mkaguzi ajibu. Tutarudi kwake katikati ya Julai, na ingizo linalofuata litakuwa na jibu la kampuni kuhusu Januari hadi Juni 2013.